Moyo Macho, Lakini Mbele ya Nani?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa yaliyomo vifuani. Sala na salamu zimfikie Bwana wetu Muhammad, na Ahali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu wasomaji, liko suala ambalo wazazi wa miji yetu ya pwani wanawauliza walimu wao siku hizi, na aghlabu huliuliza kwa sauti ya chini, baada ya watu kwisha kutoka msikitini. Binti yao halali usiku, au hali chakula, au amejifungia chumbani tangu alipoachwa na mumewe. Daktari amempima, hakuona homa wala upungufu wa damu, akamwandikia karatasi aende kwa mshauri wa nafsi. Mama anataka kumpeleka. Baba anaikhofia dini ya binti yake, na tuseme kweli, anawakhofia na watu. Basi huuliza: Je, Sheikh, jambo hili linajuzu?

Wanavyuoni wametufundisha kuwa hukumu ya kitu ni tawi la kukifahamu. Asiyekifahamu kitu hana ruhusa ya kukihalalisha wala ya kukiharimisha. Kwa hivyo kwanza tukieleze kitu chenyewe kama kilivyo, tusikizidishie wala tusikipunguzie, kisha ndipo tukipime.

NI KITU GANI HIKI?

Ushauri wa nafsi ni matibabu ya mazungumzo. Mgonjwa huja kwa miadi, hukaa faragha na mshauri kiasi cha saa moja, husema yaliyomo moyoni mwake, na mshauri husikiliza na kuuliza. Njia zake ni nyingi. Hii tunayoitaja leo, ambayo ndiyo inayosifiwa mno zama hizi, ina nguzo mbili. Nguzo ya kwanza ni kuhudhurisha moyo: mgonjwa hufunzwa kuwapo pale alipo, akaitazama fikira yake na maumivu yake bila ya kuyakimbia. Nguzo ya pili ni kuiangalia hali ya watu: mshauri hasemi kuwa ugonjwa wote umo kichwani mwa mgonjwa, bali huuliza pia khabari ya nyumba anayoishi, deni analodaiwa, mume anayempiga, kazi aliyodhulumiwa, na kabila au rangi anayodharauliwa kwayo.

Nguzo ya kwanza asili yake ni dini ya Budha. Aliyeitia hospitalini ni Mmarekani, Jon Kabat-Zinn, mtaalamu wa elimu ya viumbe hai, ambaye alisoma mazoezi haya kwa walimu wa Kibudha. Mwaka 1979 alifungua darasa katika Chuo cha Utabibu cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, mjini Worcester, kwa wagonjwa wenye maumivu ya siku nyingi ambao matibabu ya kawaida hayakuwafaa. Darasa lake ni la wiki 8. Moja katika mazoezi yake mashuhuri ni la chembe moja ya zabibu kavu. Mgonjwa huitazama, huigusa, huinusa, kisha huitafuna polepole, kana kwamba hajapata kula zabibu maishani mwake. Baadaye hufunzwa kuiangalia pumzi yake inavyoingia na kutoka. Fikira ikija huiona ikipita. Haifukuzi, haifuati, wala haihukumu kuwa njema au mbaya. Kabat-Zinn aliivua njia hii vazi la dini alipoitoa kwa Wabudha, akaacha mazoezi matupu ili kila mtu aweze kuyafanya. Mwaka 1990 alitoa kitabu, na tangu hapo mazoezi haya yameingia katika hospitali, skuli, makampuni na hata majeshi. Huko Uingereza, tangu mwaka 2004, miongozo ya matibabu imekubali njia moja iliyotokana nayo kwa watu ambao ugonjwa wa huzuni umewarejea mara 3 au zaidi. Kwa hivyo si jambo la kulicheka. Wako watu limewafaa.

Nguzo ya pili ina wazee wake wengine. Mmoja ni Frantz Fanon, mtu mweusi wa kisiwa cha Martinique, aliyekuwa tabibu wa wagonjwa wa akili katika hospitali ya Blida, Aljeria, tangu mwaka 1953, nchi hiyo ikiwa chini ya Wafaransa. Yeye na msaidizi wake Jacques Azoulay waliwafanyia wanawake wa Kizungu pale hospitalini mikutano, nyimbo na kazi za mikono, na wanawake wale wakapata nafuu. Wakawafanyia wanaume Waislamu mambo yale yale, na wanaume wale wakanyamaza tu. Mwaka 1954 wakaandika wazi kuwa hawakufaulu, na sababu ni kuwa wamewaletea watu mila isiyokuwa yao. Ikawabidi wawawekee mkahawa wa kunywa kahawa kama walivyozoea, waadhimishe sikukuu zao za Kiislamu, na wamlete msimulizi wa hadithi. Hapo ndimi zikafunguka. Mwaka 1956 Fanon alijiuzulu, kwa kuwa aliona haina maana kumtibu mtu akili ili aweze kuishi vyema katika nchi yake mwenyewe aliyofanywa mgeni ndani yake.

Mwingine ni Ignacio Martín-Baró, padri Mhispania aliyefundisha elimu ya nafsi katika nchi ya El Salvador. Yeye alisema kuwa unyonge wa maskini, ule wa kukaa na kungojea tu yatakayowafika, si tabia waliyozaliwa nayo, bali wamefunzwa na dhuluma ya miaka mingi. Mwezi wa Novemba 1989 askari wa jeshi la nchi ile walimuua pamoja na mapadri wenzake 5, mpishi wao na binti wa mpishi.

Hawa si watu wa dini yetu. Lakini Mwislamu ameamrishwa kusema haki hata juu ya asiyempenda, seuze juu ya mtu aliyeuawa kwa kuwasemea wanyonge.

LILILO JEMA NDANI YAKE

Jema la kwanza ni kusikiliza. Mwenyezi Mungu ameteremsha sura nzima inayoanza na khabari ya mwanamke aliyekuja kushitaki. Huyo ni Bibi Khawla binti Thaalaba (r.a.). Mumewe, Aus bin Samit, alimwambia kwa hasira kuwa yeye kwake ni kama mgongo wa mama yake, na kwa desturi ya Kijahilia neno hilo humwacha mwanamke akining'inia, si mke wala si mtalaka. Akaja kwa Mtume (S.A.W.) akisema na kurudia, na Bibi Aisha (r.a.), naye yumo chumbani mle mle, amesimulia kuwa maneno mengine ya mwanamke yule hakuyasikia. Lakini Mola wake aliyasikia kutoka juu ya mbingu 7.

Mzingatie, ndugu msomaji, yaliyofuata. Bibi Khawla hakuambiwa, nenda ukasubiri. Wala hakuambiwa, itazame pumzi yako mpaka moyo utulie. Desturi yenyewe iliyomtesa ilivunjwa, na mume akatwishwa kafara: kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge miezi 2 mfululizo, na asiyeweza alishe maskini 60. Basi nguzo zote mbili za washauri wa leo, kumsikiliza mgonjwa na kuiondoa dhuluma inayomgonjesha, zilisimamishwa Madina kwa pamoja kabla ya miaka elfu moja na mia nne. Na wafasiri wameeleza kuwa Sayyidna Umar (r.a.), zama za ukhalifa wake, alisimamishwa njiani na bibi huyu, naye ni mkongwe, akasimama akimsikiliza muda mrefu. Walipomuuliza watu vipi Amirul Muuminina anasimamishwa na kikongwe, aliwajibu kuwa huyu ni mwanamke ambaye Mwenyezi Mungu amemsikia. Vipi Umar asimsikie?

Jema la pili ni kutomfokea mwenye kuja na aibu yake. Imam Ahmad amepokea kutoka kwa Abu Umama kuwa kijana mmoja alimwendea Mtume (S.A.W.) kumwomba ruhusa ya kuzini. Watu walimkemea. Mtume alimsogeza karibu, akamketisha, akamuuliza kama angependa mama yake afanyiwe hivyo, na binti yake, na dada yake, na shangazi yake, na khalati yake. Na kila mara kijana akijibu kuwa hapana. Kisha akamwekea mkono kifuani na kumwombea. Kijana hakutoka pale amehalalishiwa uovu, wala hakutoka amevunjika. Ametoka amepona.

Jema la tatu ni kukubali kuwa nafsi huugua kama mwili unavyougua. Hili kwetu si geni. Abu Zaid al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alitunga kitabu kizima juu ya maslaha ya miili na nafsi, na ndani yake akaipambanua huzuni yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa au kupotelewa na mali, na huzuni isiyojulikana sababu yake, ambayo aliona asili yake imo mwilini, na kila moja akaipa dawa yake. Na Imam Ghazali, Hujjatul Islam, ameeleza mwenyewe katika Al-Munqidh jinsi alivyougua mjini Baghdad mwaka 488 Hijria, yaani 1095: ulimi ulifungika asiweze kusomesha, chakula kikawa hakipiti, mpaka matabibu wakakata tamaa na kusema kuwa jambo limeanzia moyoni na kutoka hapo limeenea mwilini. Basi yule anayesema kuwa mwenye kuugua moyo ni mdhaifu wa imani, atasema nini juu ya Ghazali?

PALIPO NA UPUNGUFU

Tumekwisha kusema mema. Sasa tuseme na upungufu, na huu tumeuona mahali patatu.

Mahali pa kwanza ni katika ule uhudhurio wenyewe. Wanasema uwe macho, uwe hadhiri. Vyema. Lakini hadhiri mbele ya nani? Mtu huhudhuria mbele ya mtu. Anayehudhuria mbele ya pumzi yake amehudhuria mbele ya nafsi yake, na nafsi hiyo ndiyo mgonjwa. Katika hadithi ya Jibril aliyoipokea Sayyidna Umar, Mtume (S.A.W.) ameieleza Ihsani kuwa ni kumwabudu Mwenyezi Mungu kama kwamba unamwona, na ukiwa humwoni basi Yeye anakuona. Huu ndio uhudhurio wetu, na jina lake ni muraqaba. Mwenye muraqaba akikaa kimya usiku, kimya chake kina Mwenye kusikia. Mgonjwa aliye peke yake, ambaye mama hamwelewi na mume hamtaki, ana haja gani kubwa zaidi kuliko kujua kuwa yuko anayemwona?

Tena kitu kilichovuliwa mizizi huchukuliwa na kila upepo. Mtawa wa Vietnam, Thich Nhat Hanh, aliyefariki mwaka 2022, alikuwa katika walimu wa njia hii, naye wakati wa vita vya nchi yake katika miaka ya 1960 hakukaa na pumzi zake, bali aliwapeleka vijana vijijini wakajenge skuli na kuwahudumia waliopigwa na mabomu. Lakini mazoezi hayo hayo yalipofika mikononi mwa makampuni yakageuzwa. Mfanyakazi amechoka kwa kazi ya watu wawili. Badala ya kuongezewa mwenziwe, hufunzwa kupumua. Mwaka 2019 profesa mmoja wa Marekani, Ronald Purser, naye mwenyewe ni mtu wa njia ya Kibudha, aliandika kitabu kizima kulalamikia jambo hili, kuwa dawa imegeuzwa kuwa bidhaa ya kumtuliza mtu ndani ya dhuluma, bila ya kumtoa humo. Ndiyo maana washauri wenye insafu wameitaka ile nguzo ya pili. Wamefanya vyema kuitaka.

Mahali pa pili ni neno lao la kutohukumu. Hapa yatakiwa tupambanue, kwani wengi wetu hulikataa lote na wengine hulipokea lote. Ikiwa wanakusudia kuwa fikira inayompitia mtu asijilaumu kwayo, wamesema kweli, na sheria yetu iko pamoja nao: Mtume (S.A.W.) ametujuulisha kuwa Mwenyezi Mungu ameusamehe umma huu yale ambayo nafsi zao zinawazungumzia, maadamu hawajayatenda wala kuyatamka. Wangapi wenye wasiwasi wa udhu na wa sala wamejitesa miaka kwa kutolijua hili! Ama ikiwa makusudio ni kuwa na vitendo navyo visihukumiwe, kila mtu afanye analoliona limempa raha, hapo tunaachana nao njia. Ghazali, katika kitabu cha muraqaba na muhasaba ndani ya Ihya, ameifananisha nafsi na mshirika wa biashara. Kwanza unashurutiana naye, kisha unamchunga, kisha unamhesabu. Akifanya khiana unamtia adabu, unapambana naye na unamlaumu. Sisi watu wa pwani tunaijua biashara. Ni tajiri gani anayempa mshirika wake mali, akakaa akimtazama kwa utulivu anavyoifuja, na asimuulize hesabu?

Lakini iangaliwe na tartibu ya Ghazali: kushurutiana na kuchunga kumetangulia, kulaumu kumekuja mwisho. Aliye katikati ya maradhi hapelekwi mahakamani. Mgonjwa wa huzuni kali tayari anajilaumu usiku na mchana kwa asiyoyafanya. Kumwongezea lawama ni kumtia maji aliyezama. Kwanza atolewe majini, kisha ndipo aulizwe ilikuwaje akaanguka.

Mahali pa tatu ni katika nguzo ya pili. Kuangalia hali ya watu ni jambo jema, ila mshauri naye ni mtu, ana mapenzi yake na chuki zake. Akija na rai aliyoipata katika kitabu kilichoandikwa London au New York, atamwona kila baba kuwa dhalimu, kila buibui kuwa gereza, na kila ukoo kuwa mnyororo. Binti atakuja na maradhi, atoke na uadui. Fanon mwenyewe ni hoja juu yao: alipoleta mila za Ufaransa hakuponya mtu, na alipowatibu Waislamu kwa kufuata mila zao walianza kusema. Mwanachuoni wa elimu ya nafsi wa Kisudani, Malik Badri, aliyefariki mwaka 2021, aliyaandika haya katika kitabu chake cha mwaka 1979, akaitumia hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim juu ya watu watakaowafuata waliowatangulia shubiri kwa shubiri, hata wakiingia shimo la kenge nao waingie. Badri hakuikataa elimu ya nafsi, kwani ndiyo kazi aliyoifanya umri wake. Alichokikataa ni kuingia shimoni mzima mzima, bila ya kuangalia kilichomo.

NA SISI JE?

Ndugu wasomaji, ni rahisi kuzihesabu aibu za mwenzio. Sasa tuulizane: huyu binti asiyelala, kwa nini amempata wa kumsikiliza kwa miadi, na nyumbani wamejaa watu?

Tunayo baraza, na baraza ilikuwa dawa. Lakini mara ngapi siri iliyotolewa barazani adhuhuri imefika sokoni kabla ya alasiri? Mshauri wa hospitali amefungwa na miiko ya kazi yake asitoe siri. Sisi tumefungwa na amri ya Mola wetu kuhusu kusengenya, na tunaivunja kwa kikombe cha kahawa. Mwenye maradhi huyaficha kwa sababu anazijua ndimi zetu.

Tunalo na neno subira, na neno hili tunalidhulumu. Mwanamke hupigwa, huambiwa subiri. Kijana hulia kwa kufiwa na mamake, huambiwa mwanamume halii. Nabii Yaqub (a.s.), ambaye subira yake imesifiwa kuwa njema, alilia mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni, na malalamiko yake aliyapeleka kwa Mola wake. Mtume wetu (S.A.W.) alilia alipofariki mwanawe Ibrahim. Padri wa El Salvador aliposema kuwa unyonge wa kungojea hufunzwa na dhuluma, hakukosea katika hilo. Ila unyonge huo sio subira, wala sio kuamini kadari. Sayyidna Umar alipokuwa akienda Sham na kupata khabari ya tauni, alirudi njiani na watu wake. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alijibu kuwa anatoka katika kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu. Basi na mwanamke anayetoka kwenye kipigo kwenda kwa Kadhi, au kwa wazee, au kwa tabibu, naye yumo kadarini.

Tena tunayo haraka ya kusema ni jini. Sisi hatukanushi majini, yametajwa katika Qur'ani, wala hatukanushi kusomea kwa Aya na dua zilizothibiti. Tunalolikanusha ni kumpeleka mgonjwa kwa mganga anayemtoza mali, akamfukiza mafusho na kumpiga, na hali Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tujitibu na kutujuulisha kuwa kila maradhi yameteremshiwa dawa.

Nataka nitaje mfano mmoja wa karibu, ili tuone kuwa jambo hili linawezekana kwa mikono yetu. Huko Zimbabwe alikuwako daktari wa maradhi ya akili, Dixon Chibanda. Mgonjwa wake mmoja, msichana, alijiua. Alikuwa hakuja hospitali kwa kukosa nauli ya basi. Mwaka 2006 daktari huyu akaanza kazi katika mtaa wa Mbare, mjini Harare. Hakuwa na matabibu wala vyumba. Alipewa bibi vizee 14, wahudumu wa afya wa mtaani. Akawafunza, na wakawa wanakaa na wagonjwa juu ya bao la mti nje ya zahanati. Hawakutumia majina ya maradhi ya vitabuni, bali neno lao la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Bibi humwacha mgonjwa aifungue akili yake, aseme yote. Kisha wakachagua tatizo moja tu kati ya mengi, likatafutiwa njia, na mgonjwa akarudi kueleza limefikia wapi. Tatizo hilo laweza kuwa deni, au mume, au kukosa kazi. Hali ya mtu imo humo humo ndani ya dawa. Mwaka 2016 ukachapishwa uchunguzi wa wagonjwa 573. Baada ya miezi 6, dalili za ugonjwa wa huzuni zilibakia kwa watu kama 14 katika kila 100 waliokaa na bibi, na kwa wale waliopata huduma ya kawaida zilibakia kwa watu kama 50 katika kila 100.

Bibi tunao. Mabaraza tunayo. Misikiti na vyuo vya Qur'ani tunavyo. Kilichopungua ni mafunzo, na ulimi wenye amana.

HUKUMU

Basi jawabu la yule baba ni hili. Kumpeleka binti yake kwa mshauri wa nafsi inajuzu, na ikiwa anakhofiwa kujidhuru, au amekwisha kutamka kuwa afadhali afe, hapo si kujuzu tu bali ni wajibu, na kuchelewa ni dhambi. Kuihifadhi nafsi ni katika makusudio makubwa ya sheria.

Yako masharti. Awe mshauri ni mtu aliyesomea kazi yake na kuaminika kwa siri. Awe mwanamke kwa mwanamke akipatikana. Asipopatikana, zichungwe hukumu za faragha kama zinavyochungwa kwa daktari yeyote. Akiamrisha haramu asitiiwe katika hiyo haramu, na mgonjwa amwambie wazi: mimi ni Mwislamu, sala yangu na mwezi wangu wa Ramadhani ni katika dawa yangu. Mshauri mzuri atalipokea neno hilo, kwa kuwa kazi yake ni kumfuata mgonjwa alipo. Akilicheka, atafutwe mwingine. Ama mazoezi ya pumzi na ya kutulia, hayo ni mambo ya mubahi maadamu hayana maneno ya ibada ya dini nyingine ndani yake. Na ikiwa kuyafanya kunamzidishia mgonjwa khofu, kama inavyowatokea baadhi ya watu waliopatwa na mambo mazito, ayaache na amwambie mshauri wake. Wala mtu asimkataze mgonjwa dawa za kumeza alizoandikiwa na tabibu kwa kudhani kuwa dhikri inatosha. Dhikri huituliza mioyo, na hilo ni neno la Mola wetu lisilo shaka. Na yule yule aliyeliteremsha ndiye aliyeiumba dawa.

Na baba mwenyewe anayo kazi yake. Akimaliza sala ya Isha asitoke kwenda barazani. Akae na binti yake, asimpe mawaidha usiku huo, wala asimuulize watu watasema nini. Amsikilize mpaka amalize, na asiposema kitu, akae naye vivyo hivyo. Na akisikia kuwa yuko aliyemdhulumu, hata akiwa ni ndugu yake au rafiki yake wa msikitini, amsimamie binti yake mpaka haki yake ipatikane.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu aziponye nyoyo za Waislamu, awafariji wenye dhiki, awaongoze wenye kuwatibu, na asitufanye katika wanaowafungia wagonjwa wao mlango. Amin.

Wallahu aalam.